Pai ipi kwa sikukuu ya Dodoma: embe bichi, ubuyu, maharage, boga, viazi vitamu, karanga au kuku?

Keki ya sikukuu haipandi bei kwa sababu ya unga. Inapandishwa na mayai na siagi. Keki ya kutosha watu kumi huweza kumaliza mayai sita na siagi robo kilo kabla hujafikiria sukari ya kupambia. Pai haidai hivyo. Inataka unga ule ule wa chapati, mafuta ya alizeti ambayo mikoa ya Dodoma na Singida inayakamua yenyewe, na kitu cha kuweka ndani ambacho sokoni kinauzwa kwa fungu.

Kwa mwenye wageni wa Krismasi na Mwaka Mpya, na pesa ambayo lazima ifike Januari kwenye ada na madaftari, nimeziweka pai saba mbele ya maswali matatu. Ina vitu vingapi vya kununua? Inakaa muda gani bila friji? Sinia moja linalisha wangapi? Ladha nitaisema pia, lakini pai tamu inayoharibika kabla wageni hawajatoka kanisani ni hasara.

Niseme mapema ninakosimama: kwa mwezi wa Desemba, hapa kwetu, pai ya kwanza kufikiria ni ya embe bichi. Nyingine zina nafasi zao, na mbili kati ya hizo naona zinafaa zaidi siku nyingine kuliko siku ya wageni wengi.

Kwanza ganda, maana ndipo pesa inapopotea

Maelekezo mengi ya pai yametoka nchi za baridi. Yanasema siagi iwe baridi, uisugue ndani ya unga mpaka iwe chengachenga, kisha donge lilale kwenye friji. Desemba ya Dodoma ni mwezi wa joto, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Siagi inayeyuka kwenye vidole, chenga hazibaki chenga, na ganda linatoka gumu huku mafuta yakivujia chini ya sufuria. Umelipia siagi nzima na hukupata ulaini wake.

Ganda linalotufaa ni la maji ya moto. Waingereza hutengeneza hivyo maganda ya pai zao za nyama, zile zinazosimama zenyewe bila chombo, na njia yenyewe haijali joto la hewa. Chukua unga wa ngano vikombe 2 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta ya alizeti nusu kikombe na maji yanayochemka nusu kikombe. Changanya mafuta na maji, mimina kwenye unga huku ukikoroga kwa mwiko, maji uyamalizie kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Kanda kidogo tu. Ukikanda kama wa chapati utavutika na kujikunja wakati wa kusukuma. Funika kwa kitambaa dakika kumi na tano, kisha sukuma ukiwa bado vuguvugu. Kiasi hicho kinatosha ganda la chini na la juu kwa sufuria bapa yenye upana wa sentimeta 24 hivi, au maganda mawili ya chini kwa pai zisizofunikwa. Kumbuka hilo la pili, kwa sababu pai ya wazi inakuokolea nusu ya unga na nusu ya mafuta.

Wenye unga wa mtama nyumbani wanaweza kuingiza robo ya unga wote. Ganda linapata rangi na ladha ya kukaangwa inayopatana sana na karanga na boga. Usizidishe robo: mtama hauna ule unato wa ngano, na ganda litavunjika ukilinyanyua kutoka kwenye kibao. Ganda la biskuti zilizopondwa na siagi, ambalo wengi wanalipenda kwa sababu halihitaji moto, nimeliweka kando. Biskuti ni unga, sukari na mafuta uliyomlipa mtu mwingine akuchanganyie, halafu bado unanunua siagi.

Kuhusu moto, oveni si lazima. Sufuria kubwa, changarawe safi au mchanga mkavu chini yake, kisha sufuria ya pai juu ya mchanga, na mfuniko bapa unaobeba makaa. Makaa mengi yakae juu, machache chini. Iache sufuria kubwa ipate moto dakika kumi kabla ya kuingiza pai. Pai ya matunda inataka dakika 45 hadi 50, na ukifunua kila dakika tano unaipotezea joto lote, kwa hiyo acha ifike nusu saa ndipo uchungulie.

Embe bichi

Wamarekani wana pai ya tufaha isiyo na tufaha. Inatengenezwa kwa biskuti za chumvi zilizochemshwa na sukari, limau na mdalasini, na ilipata umaarufu mkubwa kupitia biskuti za Ritz, zilizotoka mwaka 1934, enzi za mdororo wa uchumi. Walaji walikubali kwamba wanakula tufaha, kwa sababu ulimi unalitambua tufaha lililopikwa kwa uchachu, utamu na mdalasini kuliko kwa tunda lenyewe. Sasa, embe bichi lina uchachu huo tayari, na lina kitu ambacho biskuti haina: nyama ya tunda inayobaki na umbo lake baada ya kuiva. Mtu aliyekula pai ya tufaha atakwambia hii ndiyo yenyewe. Asiyewahi kuila atapata pai nzuri ya embe, na hakuna aliyedanganywa.

Tafuta maembe yaliyokomaa lakini bado magumu, yale ambayo kokwa limeshakuwa gumu na nyama ni ya rangi ya maziwa au njano kwa mbali. Machanga mno yana uchungu, na yaliyoanza kulainika yanageuka uji ndani ya ganda. Matano ya ukubwa wa ngumi yanatosha. Menya, kata vipande vyembamba, vitie kwenye maji ya chumvi dakika ishirini, suuza, kamua. Changanya na sukari kikombe 1, unga wa ngano vijiko 2 vya chakula, mdalasini kijiko 1 cha chai na iliki kidogo. Onja kipande kabla hujafunika, kwa sababu maembe hayafanani, na mengine yatadai vijiko viwili zaidi vya sukari. Funika kwa ganda la juu, toboa matundu ya mvuke.

Hesabu yake ndiyo inayonivutia. Hakuna yai. Hakuna maziwa. Hakuna siagi. Kinachouma ni sukari tu, na Desemba ni msimu wa maembe, hata dodo za watu zinazoanguka uani zikiwa bado mbichi zinafaa badala ya kutupwa. Pai hii inaokwa jioni ya mkesha na kuliwa mchana wa sikukuu bila wasiwasi, kwa sababu sukari na uchachu vinailinda. Tena ni tamu zaidi siku ya pili, wakati maji ya embe yameshikana. Ipeleke Kondoa au Mpwapwa kwa basi, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sufuria yake yenyewe, itafika salama. Sinia moja ni watu wanane hadi kumi.

Kasoro yake: inataka ganda la juu na la chini, na inataka mtu mwenye subira ya kumenya. Watoto wa nyumbani wapewe kazi hiyo mapema asubuhi.

Ubuyu

Pai ya ubuyu ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zaidi, kwa sababu mbuyu ni mti wa nchi hii ya Wagogo na tumeuacha ubuyu uishie kwenye pipi nyekundu na juisi. Mwenzake wa karibu ni pai ya siki ya Marekani, moja ya zile pai za enzi za shida ambazo akina mama waliziokea pale limau lilipokosekana au lilipokuwa ghali. Walihitaji uchachu, wakautoa kwenye chupa ya siki. Sisi uchachu tunao kwenye gunia, mkavu, hauozi, na una harufu yake nzuri ambayo siki haina.

Ganda moja tu la chini, unaliokea tupu. Litoboe kwa uma, tandika karatasi, jaza maharage makavu yalizuie lisivimbe, na liive mpaka liwe kavu. Kwa cha ndani: unga wa ubuyu vijiko 5 vya chakula, sukari kikombe 1, unga wa ngano vijiko 3, maji vikombe 2, mayai 3. Koroga ubuyu kwenye maji ya uvuguvugu, chuja nyuzi na mabonge, rudisha kwenye sufuria pamoja na sukari na unga. Koroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Mimina kikombe kimoja cha uji huo kwenye mayai yaliyopigwa, ukikoroga haraka ili yasigande, kisha rudisha vyote motoni kwa dakika mbili tatu mpaka vichemke kidogo. Maliza na kijiko kimoja cha siagi kama ipo. Mimina kwenye ganda, acha ipoe kabisa kabla ya kukata.

Kwa gharama inaifuata ya embe kwa karibu: mayai matatu, nusu ya unga, na ubuyu ambao kikombe chake si cha kutisha mtu. Kwa mkaa inaishinda, maana kinachookwa ni ganda peke yake. Rangi yake ni ya maziwa ya chai, haina mvuto wa macho, na mimi nisingeitia rangi nyekundu kuipendezesha. Nyunyiza karanga zilizokaangwa juu yake.

Udhaifu wake ni mayai. Kanuni ya usalama wa chakula inayotumika sana ni kwamba chakula cha mayai na maziwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja. Mchana wa Desemba hapa mjini unakaribia hapo. Kwa hiyo pai ya ubuyu ni ya nyumba yenye friji, au ya kuokwa asubuhi na kuliwa mchana ule ule hapo hapo nyumbani. Isipande basi.

Maharage, boga na viazi vitamu

Hizi tatu ni ukoo mmoja: kitu kilichopondwa, mayai, maziwa, sukari, viungo. Tofauti yake iko kwenye maji na wanga.

Pai tamu ya maharage inawashtua watu wakisikia jina, ila si jambo la kubuni. Huko Marekani imekuwa chakula cha utambulisho kwa Waislamu weusi wa Nation of Islam tangu enzi za kiongozi wao Elijah Muhammad, na imeuzwa mitaani kwa miaka mingi. Wao hutumia maharage meupe madogo. Hapa maharage ya njano yanafanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa ganda lake ni laini na rangi haichafui pai. Chemsha mpaka yaive kabisa, bila chumvi wala kitunguu, yaponde na kuyachuja upate vikombe 2. Ongeza mayai 3, maziwa kikombe 1, sukari kikombe 1 pungufu, siagi vijiko 3, mdalasini na kungumanga. Oka kwenye ganda la wazi hadi katikati itikisike kidogo tu. Ukiila bila kuambiwa, utasema ni viazi vitamu.

Inashiba. Kipande kidogo kinamtosha mtu mzima, hivyo sinia moja linafika watu kumi hata kumi na wawili. Lakini ihesabu vizuri: maharage yenyewe ni ya bei, yanakula mkaa au gesi kwa kuchemka muda mrefu, na siku ya sikukuu mezani pengine kuna maharage mengine tayari. Naiona ni pai ya mwezi wa mfungo au ya jumapili tulivu zaidi kuliko ya Krismasi.

Boga ni rahisi kupata na rahisi kuharibu. Lina maji mengi, na anayelichemsha kama la kula na chai atapata pai inayolia maji chini. Lipike kwa mvuke, kisha lirudishe kwenye sufuria kavu ulikaushe ukikoroga mpaka likae juu ya mwiko bila kumwagika. Vipimo vingine ni vile vile vya maharage.

Viazi vitamu naviweka mbele ya boga bila kusita. Wanaopita barabara ya Morogoro wanajua mafungu ya viazi vya Gairo. Vina wanga wa kutosha kuishikilia pai, kwa hiyo mayai 2 yanatosha mahali ambapo boga linataka 3, na sukari unapunguza robo. Vioke kwenye majivu ya moto au uvichemshe na maganda yake, usivimenye kwanza. Na zote tatu zina masharti yale yale ya ubuyu kuhusu joto na friji.

Karanga na asali

Tamu kuliko zote, na karanga tunalima wenyewe. Hata hivyo hii siipendekezi kwa mwenye bajeti ndogo isipokuwa kwa sinia dogo la kukatwa vipande vyembamba na kahawa. Asali nzuri ya Manyoni au Kondoa ni ghali kwa haki yake, kikombe kizima kinaingia kwenye pai moja, na bado kuna mayai matatu na siagi. Ni afadhali asali hiyo mgeni aipewe kwenye chupa. Na usimpe mtu pai yenye karanga kabla ya kumuuliza kama zinamdhuru, hasa watoto wa wageni.

Kuku

Mpaka hapa nimezungumzia pai za baada ya chakula. Ila kuna nyumba ambazo pesa ya kuku wawili haipo, na wageni wanaokuja ni kumi na wawili. Hapo pai ya kuku ndiyo chakula chenyewe.

Kuku mmoja akikatwa vipande vya mchuzi anatosha watu sita au saba, na mama wa nyumba anabaki kugawa kwa kuhesabu mifupa. Kuku huyo huyo akichemshwa, nyama ikatolewa kwenye mfupa na kuchambuliwa, kisha ikachanganywa na viazi mviringo kilo 1, karoti nne, kitunguu, hoho na supu yake mwenyewe iliyofanywa nzito kwa vijiko 4 vya unga uliokaangwa kwenye mafuta, anajaza sufuria pana ya kulisha watu kumi na wawili pamoja na saladi na wali kidogo. Kila mtu anapata nyama, na hakuna anayeona kipande cha mwenzake ni kikubwa.

Kati ya kuku wa kienyeji na wa kisasa, kwa pai nachagua wa kienyeji, tena jogoo mkubwa aliyekomaa ambaye kwa kuchoma angekuwa mgumu. Singida wana sifa yao kwenye kuku hawa na inastahili. Anachemka zaidi ya saa moja, lakini supu anayoitoa ndiyo ladha ya pai yote. Wa kisasa anaiva upesi, nyama inasambaratika, na supu yake inakulazimu kununua viungo vya paketi. Mwenye gesi inayokaribia kuisha achukue wa kisasa, sitamlaumu.

Pai hii haihitaji ganda la chini. Mimina mchanganyiko ukiwa umepoa kiasi kwenye sufuria, funika kwa ganda la juu pekee, lipake yai au maziwa, toboa katikati, oka dakika 35 mpaka ganda liwe na rangi ya andazi. Yaani unatumia nusu ya donge lile la vikombe 2 na nusu, na nusu nyingine inakuwa ganda la pai ya ubuyu.

Kukaa, haikai. Ipikwe na kuliwa siku hiyo. Lakini unaweza kuchemsha kuku usiku ikiwa una friji, asubuhi ukabaki na kazi ya kukanda ganda, kufunika na kuoka wakati wengine wako ibadani.

Ukiwa na wageni ishirini

Kwa meza hiyo ningeoka pai mbili za embe bichi jioni ya mkesha, kwa sababu makaa ya pai ya kwanza yanaokea na ya pili. Asubuhi pai mbili za kuku, au moja ya kuku na sufuria ya pilau kwa wenye kuona sikukuu bila pilau haijafika. Pai ya viazi vitamu iongezwe tu kama kuna friji na mayai yamebaki.

Mwenye wageni watano na jiko moja la mkaa aoke ganda tupu, apike ubuyu, basi.

Kwenye ununuzi, kuku na mayai ndivyo vinavyopanda bei siku tatu za mwisho, katika masoko yote, Majengo, Sabasaba hata gengeni. Kuku mnunue akiwa hai mapema na umfunge uani ukimlisha pumba. Mayai yanakaa wiki mbili mahali penye kivuli bila friji ikiwa hayajaoshwa. Sukari na unga nunua mwanzo wa mwezi. Maembe ndiyo ya mwisho, siku mbili kabla ya kuoka na si zaidi, kwa kuwa embe lililokomaa halikusubiri: ukilinunua wiki moja kabla utalikuta limeiva, na hapo litakuwa tunda la kula, si la pai.